Mgongo Unaomsubiri Gael Mdogo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Henriette Kisimba ni jinsi alivyoinuka kwenye benchi. Niliita jina lake katika chumba cha kungojea, na wanawake waliokuwa wameketi naye wakageuka kumtazama. Yeye hakuinuka mara moja. Aliinama kwanza akashika ukanda wa kandambili yake ya kulia kana kwamba umelegea, akaweka mkono wa kushoto juu ya goti, kisha akajisukuma kidogo kidogo mpaka akasimama. Akatengeneza kitenge kiunoni, akanitabasamia. Ukanda ule haukuwa umelegea. Tangu siku hiyo nimeuona ukishikwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Ulikuwa mwezi wa tano, asubuhi ya baridi. Miezi saba tu ilikuwa imepita tangu nimalize masomo yangu ya tiba ya viungo Lubumbashi, na Daktari Josias alikuwa amenichukua nimsaidie katika utafiti wake hapa Kolwezi. Wanawake wanaosafisha mawe ya shaba na kobalti mtoni hufanya kazi wakiwa wameinama kutwa nzima, miguu ndani ya maji. Tulitaka kujua misuli ya migongo yao hufanya nini wanapobadili mkao na wanapofanya zoezi la kiasi. Tulikuwa na mashine ndogo inayopokea umeme hafifu ambao misuli huutoa inapofanya kazi. Unabandika vibandiko vyenye nyaya juu ya ngozi, pande mbili za uti wa mgongo, na mashine inachora mistari kwenye skrini. Misuli ikikaza, mstari unatetemeka na kupanda. Ikilegea, mstari unalala. Mtu analala kitandani, anakaa, anasimama, anainama, anainuka, halafu anaendesha baiskeli isiyosogea.

Wanawake tuliwagawa katika makundi mawili. Wenye maumivu ya mgongo wangefanyishwa mazoezi kwa majuma kumi na mawili, kisha wapimwe tena. Wasio na maumivu wangepimwa tu, ili tuwalinganishe na wenzao. Ilinitosha kuuliza swali moja ili kujua nani aende wapi, na swali hilo nililiuliza kwa Kiswahili changu cha shule.

"Mama, je, huwa unahisi maumivu yoyote mgongoni?"

"Huyu anasema kama redio," alisema Mama Joyeuse, jirani yake na mwenzake wa mtoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza nyumba. Wote wakacheka.

"Hapana," alijibu Mama Henriette. "Mugongo yangu iko muzuri."

"Henriette! Sema kweli mbele ya mutoto wa batu. Jana ni nani alilala pa majani sawa nguo ya kupangusia?"

"Nililala juu ya kupumuzika. Mi niko na mugongo ya musichana."

"Ya musichana! Musichana wa mwaka gani? Wa wakati treni inatembea na makala ya moto?"

Walicheka tena, nami nikacheka nao. Nikaandika: hana maumivu. Mama Joyeuse naye, zamu yake ilipofika, alisema hana maumivu, na hakuna aliyemcheka. Kati ya wanawake kumi na wanane waliokuja juma lile, kumi na watano walisema hawaumwi popote. Nilimwambia Daktari Josias kwamba matokeo hayo ni ya ajabu na ya kutia moyo. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema kwamba yeye ni mzaliwa wa Kolwezi na hajawahi kuona jambo la ajabu na la kutia moyo kwa wakati mmoja. Sikumwelewa.

Nilipaswa kumwelewa. Katika mji huu watu wamezoea mashine za daktari kwa sababu moja. Kampuni inapotaka kumwajiri mtu, inampeleka kupimwa, na mwisho wa kupimwa kuna karatasi yenye neno moja: anafaa, au hafai. Mume wa Mama Henriette, marehemu Tata Kisimba, alifanya kazi katika kampuni moja ya madini miaka kumi na tisa. Siku moja alipokuwa anapimwa alimwambia daktari ukweli, kwamba mgongo unamsumbua anapobeba vyuma. Aliandikiwa kwamba hafai, akarudishwa nyumbani, na hakuajiriwa tena mpaka alipofariki. Kuanzia hapo, katika nyumba ile ilikuwa ni kanuni: mbele ya nyaya na skrini, mtu haumwi. Nyumba nyingine nyingi zina kanuni hiyo hiyo. Mimi niliwaeleza wanawake wale kuhusu misuli, umeme na mistari, lakini sikuwaambia kwamba sina kazi ya kumpa wala kumnyima mtu. Sikujua kwamba kuna haja ya kusema.

Siku ile nilimsafisha Mama Henriette mgongo kwa spiriti, nikambandika vibandiko. Ngozi yake ilikuwa baridi, na misuli iliyo chini yake ilikuwa migumu kama kamba iliyolowa. Akalala, akakaa, akasimama. Kisha nikamwambia ainame polepole mpaka mwisho, mikono ining'inie, abaki hivyo kwa pumzi tatu.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja. Mtu mwenye mgongo mzima anapoanza kuinama, misuli ya mgongo hukaza ili asianguke mbele. Lakini akifika mwisho kabisa, kano za uti wa mgongo hushika uzito wote na misuli hunyamaza. Mstari kwenye skrini unalala kama maji ya ndoo iliyowekwa chini. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwenye vitabu na nililisubiri kwa hamu kila mwanamke alipoinama.

Kwa Mama Henriette mistari haikulala. Aliinama mpaka vidole vikagusa sakafu, akakaa pale pumzi tatu, na mistari yote miwili ikaendelea kutetemeka kana kwamba amebeba gunia. Nilibadilisha vibandiko. Nikamwambia arudie. Mistari ikatetemeka vile vile. Nilitazama karatasi yangu: hana maumivu. Basi kosa ni la vibandiko, nikajiambia, au ni la nyaya. Nikaandika pembeni, "Vibandiko havikushika vizuri," na vipimo vyake vya kuinama nikavitoa katika hesabu.

Halafu tukaenda kwenye baiskeli. Tuna njia rahisi ya kujua kama zoezi ni la kiasi: mtu awe anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Nilimweleza hivyo. Dakika ya tatu, Mama Henriette, ambaye ni mwanakwaya wa parokia, akaanza kuimba wimbo wa Misa ya Pasaka, sauti ya pili, kwa nguvu, huku mishipa ya shingo imemtoka. Mama Joyeuse, aliyekuwa mlangoni, akapokea kwa makofi. Nikaona kwamba zoezi ni jepesi mno kwake, nikakaza baiskeli. Akaimba tena. Nikakaza tena. Aliposhuka, alishika ukanda wa kandambili kwa muda mrefu.

"Nimepita?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba amefanya vizuri sana. Ndilo jibu ninalolijutia kuliko yote niliyowahi kutoa.

Yaliyomo nyuma ya swali lile niliyajua baadaye, mengine kutoka kwake, mengine kutoka kwa Mama Joyeuse.

Mama Henriette alizaliwa kaskazini mwa Katanga, akaja Kolwezi akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Alizaa watoto wanne, na mmoja tu alikua: Gael. Baba yake alipofariki, Gael aliacha shule akaingia kwenye mashimo pamoja na vijana wengine wanaochimba kwa mikono. Mama yake alianza kusafisha mawe ili, kama alivyoniambia, "nione ku macho mawe ya mutoto yangu, nijue ametoka leo." Gunia la mawe ya Gael likifika mtoni, Gael yuko hai. Kwa miaka minane alisoma hali ya mwanawe kwa njia hiyo. Gael alimwoa Glodie, msichana wa Kasaji, mji ulio kwenye reli magharibi mwa Kolwezi, na mwaka jana Glodie akapata mimba.

Mwezi wa kumi na moja, mvua ziliposhika, shimo la Gael liliporomoka. Mama Henriette alikuwa mtoni, ameinama juu ya chekeche lake, akisafisha gunia ambalo Gael mwenyewe alilipandisha alfajiri. Habari ilifika mtoni mbio. Iliwafikia wanawake wote isipokuwa yeye. Walimwona jinsi anavyofanya kazi na kuimba, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze kusema. Hakuna aliyeanza. Wakamwacha amalize gunia.

"Mi nilikuwa karibu yake hivi," Mama Joyeuse aliniambia, akinionyesha urefu wa mkono. Hiyo ni mara moja tu niliyomsikia akisema kwa sauti ndogo. "Nilimuangalia mugongo. Nikasema, aache kwanza amalize. Akinyanyuka, pale njo itakuwa kweli."

Mwili ulipatikana siku ya tatu. Glodie alikuwa na mimba ya miezi minne. Alibaki msibani mpaka mwezi wa pili, kisha akaenda kwao Kasaji kuzaa, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Mwezi wa nne alizaa mtoto wa kiume, akapewa jina la baba yake.

Sasa, katika ukoo wa Kisimba kuna jambo ambalo halina mjadala. Mtoto wa kwanza anapofika kwenye nyumba ya baba yake, haingii mikononi mwa mama yake. Mama wa baba anampokea barabarani, anamfunga mgongoni kwa kitenge, anatembea naye mpaka mlangoni, anaingia naye, anazunguka chumba, na hapo tu mtoto anaweza kulala katika nyumba ile. Gael mwenyewe aliingizwa hivyo na bibi yake. Kutoka barabarani mpaka mlango wa Mama Henriette ni hatua sitini na mbili. Alikuwa amezihesabu. Mtoto alitazamiwa mwezi wa saba, akimaliza miezi mitatu, na huko Kasaji mama yake Glodie alikuwa amesema wazi kwamba hamtoi mjukuu wake kwenda nyumba isiyo na mtu wa kumbeba. Ndiyo maana Mama Henriette aliogopa karatasi yangu. Aliogopa iandikwe kwamba hafai, na neno hilo lifike Kasaji kabla mtoto hajaondoka.

Katikati ya mwezi wa sita Mama Joyeuse alikuja kunitafuta. Alikuwa na matope mpaka magotini.

"Dokta, kuya. Mugongo ya Henriette imefunga. Tulimubeba kumutosha mu maji sawa meza, batu banne, miguu juu."

Mimi si daktari, lakini siku ile sikumsahihisha. Nilimkuta Mama Henriette amelala kwa ubavu juu ya mkeka, macho makavu, midomo imekauka. Alikuwa amevaa kitenge kile kile kilicholowa kwa sababu hakukuwa na njia ya kumvua bila kumgeuza. Nilimchunguza miguu, nikamuuliza kama anahisi vidole, kama mkojo unatoka vizuri. Nilishukuru Mungu kwa kila jibu. Mishipa ya fahamu ilikuwa salama. Misuli ndiyo iliyokuwa imekamata kiuno chote na kukataa kukiachia.

"Mama, tangu lini mgongo unauma?"

Alimtazama mwenzake. Mama Joyeuse akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Tangu Gael," akasema Mama Henriette. "Zamani ilikuwaka inauma na kupona, sawa ya bamama bote. Tangu Gael haiponake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika."

Nilikwenda ofisini nikafungua faili lake. Mistari ya kuinama bado ilikuwemo, kwa kuwa mashine haifuti kitu, ni mimi niliyeitoa katika hesabu. Niliitazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na kosa lolote la vibandiko. Mgongo ule ulikuwa umesema yale yote ambayo mwenyewe alikataa kuyasema, nami niliusikia nikaamua ni nyaya. Nilimweleza Daktari Josias. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba katika kazi hii nitaona tena mashine na mtu wakipingana, na siku hiyo niketi chini niwasikilize wote wawili kabla ya kuandika.

Kesho yake nilichapa ukurasa ule nikampelekea Mama Henriette. Nilimwomba msamaha. Nilimwonyesha mahali ambapo mistari ilipaswa kulala. Aliipitishia kidole kwa makini, kama mtu anayesoma barua kutoka mbali.

"Kumbe ile masini ilijua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na weye ulijua?"

"Niliona, lakini sikuamini."

Alikunja karatasi akaiweka chini ya mto. "Basi twende sawasawa," akasema. "Mi niliongopa, weye ukaongopewa. Sasa mutoto anakuya namna gani?"

Mtoto hakuja mwezi wa saba. Kasaji waliambiwa kwamba bibi ana malaria. Mwezi wa nane wakaambiwa tena malaria, na mama yake Glodie akauliza kwenye simu ni mbu gani hao.

Tulianza mazoezi kwa mambo madogo: kupumua akiwa amelala chali, kuinua kiuno kidogo, kugeuza magoti upande mmoja na upande wa pili. Baada ya majuma matatu alitembea mpaka barabarani na kurudi. Kisha akaniambia kwamba kutembea mikono mitupu hakumsaidii kitu, kwani siku yenyewe hatakuwa mikono mitupu. Akatoa kitenge, akaweka ndani yake mfuko wa unga wa mahindi, akaniambia nimfunge mgongoni.

Tukaanza na kilo mbili. Niliazima mzani wa watoto katika wodi ya akina mama. Kila mwezi Glodie alimpeleka mtoto kliniki huko Kasaji, na siku hiyo hiyo Mama Henriette alimpigia simu. Hakuuliza kama mtoto anacheka wala kama ameota jino. Aliuliza kilo.

"Mama anapenda kilo sana," Glodie alilalamika siku moja, simu ikiwa kwenye spika. "Banaweza sema anataka kumuuzisha."

Tulicheka sote, lakini tulikuwa katika mbio ambazo Glodie hakuzijua. Tulipofika kilo nne za unga, mtoto alikuwa na sita. Tulipofika tano, alikuwa na sita na nusu. Gael mdogo alikuwa ananenepa vizuri kwa maziwa ya mama yake, na kila gramu iliyomfurahisha nesi wa Kasaji ilimwongezea bibi yake mzigo. Usiku, Mama Joyeuse aliniambia, Mama Henriette alikuwa akijaribu kuongeza unga kwa siri. Asubuhi yake alikuwa hawezi kuvaa viatu. Nilikasirika nikamwambia kwamba hivyo atarudi kwenye mkeka. Alinipa mgongo. Alikuwa anafungua kitenge, na nilimsikia akiuambia ule mfuko, taratibu sana, "Shuka, Gael." Nilijifanya ninaandika.

Mwezi wa tisa aliamua mwenyewe kumwambia Glodie ukweli. Aliniomba nikae karibu. Alieleza kila kitu, baiskeli, wimbo, maji, mkeka, unga. 

"Mama," Glodie akasema mwishoni. "Nitamuleta. Hata ukimupokea ya kukaa pa kiti, mi nitaona ni sawa."

"Hapana. Gael hakuingizwa na mutu wa kukaa."

"Gael hayuko tena, Mama."

"Njo maana."

Wote wawili walilia, kila mmoja upande wake wa simu. Nami nilitoka nje nikasimama karibu na banda la kuku, kwani sikuona kwamba machozi yale yalinihusu.

Juma lililopita tulimpima tena. Alikuja kwa pikipiki, akashuka mwenyewe. Nilipoita jina lake, aliinuka bila kugusa kandambili, kisha akakumbuka, akaangalia chini, akacheka peke yake. Nilimbandika vibandiko mahali pale pale. Alipoinama mpaka mwisho tulitazama skrini wote, hata Daktari Josias aliyekuja kusimama nyuma yangu. Mstari wa kulia ulipungua, ukapungua, ukalala. Wa kushoto ulipungua nusu, ukaendelea kutetemeka.

Safari hii nilimweleza papo hapo, bila kupamba. Alitazama skrini kwa shingo iliyogeuzwa.

"Moja imelala," akasema.

"Moja bado."

"Ee. Moja bado."

Kwenye baiskeli alizungumza na mimi vizuri, kuhusu kwaya, kuhusu baridi ya mtoni. Dakika ya tano alijaribu kuimba wimbo wake wa Pasaka. Pumzi ikamkatikia katika mstari wa kwanza. Kisha akaacha kukanyaga, akaweka mkono kiunoni upande wa kushoto, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake ndani ya chumba kile: "Inauma. Hapa." Nilitia alama kwenye karatasi. Yeye mwenyewe alinyoosha shingo kuhakikisha kwamba nimeandika.

Mwisho tulimpima akiwa na unga mgongoni, kilo saba na gramu mia sita, uzito wa mtoto kwa kliniki ya mwisho. Aliinuka kitini, akatembea hatua sitini na mbili katika ukumbi, akageuka kwenye dirisha. Hatua hamsini za kwanza zilikuwa nzuri. Baada ya hapo mstari wa kushoto ukaanza kupanda, na mkono wake ukatafuta ukuta. Alifika. Lakini unga haurushi miguu, haulii, haujipindi. Nilimwambia hilo pia. Nilimshauri Mama Joyeuse atembee nyuma yake, mikono tayari, bila kumgusa mtoto isipokuwa imelazimu.

"Nitamufuata sawa polisi," alisema Mama Joyeuse. "Na kama anaanguka?"

"Sitaanguka," alisema Mama Henriette.

Leo ni Jumamosi. Ninaandika ukurasa huu nikiwa nimekaa juu ya kigoda katika ua wake. Glodie alipiga simu asubuhi kutoka Mutshatsha, kituo cha katikati ya safari, akasema treni imesimama, haijulikani kwa nini, na mtoto amelala. Saa sita akapiga tena: treni imeondoka. Tangu hapo simu haijashika. Kuna kijana wa pikipiki anayengoja stesheni kuwaleta mpaka barabarani, hapo mbele, karibu na duka la vocha.

Mama Joyeuse amefagia njia mara tatu na kuondoa kila jiwe. Ndani ya nyumba, picha ya Gael ya ubatizo imefutwa vumbi na kugeuzwa kidogo ili iutazame mlango. Mfuko wa unga umefunguliwa asubuhi hii. Tutapika ugali nao. Kitenge cha kumbebea ni kile ambacho Gael alimnunulia mama yake mwaka ule alioanza kuchimba, cha buluu, kimefuliwa mpaka rangi imekuwa laini. Mama Henriette amekitandika begani na amesimama pale njia inapokutana na barabara, ameipa nyumba mgongo. Amesimama hivyo karibu saa nzima. Mimi ninaujua upande wa kushoto ambao kwa sasa unatetemeka chini ya blauzi yake. Nimempelekea kiti.

"Mama, kaa kidogo. Treni haijaingia."

"Nikikaa, nitalazimika kunyanyuka tena," amenijibu bila kugeuka. "Ile nguvu ya kunyanyuka namuwekea yeye."

Nimerudisha kiti. Mama Joyeuse ameacha fagio na kwenda kusimama hatua mbili nyuma yake, mikono tayari, ingawa mtoto hajafika. Kutoka upande wa stesheni kunasikika pikipiki. Imepita. Nyingine inakuja.